Kibanda cha Salha: gumzo la ukoo

Mama Salha: Shikamooni wakubwa zangu, na wengine habari za jioni. Salha anataka kibanda. Kitanda cha chini cha deka kiwe nyumba yake, cha juu abaki Yusufu. Naombeni mawazo.

Shangazi Rukia: Marahaba mwanangu. Deka ya mbao au ya chuma?

Mama Salha: Mbao, futi 3 kwa 6. Ubavu mmoja na kichwani kumegemea ukuta.

Baba mdogo Hamisi: Vizuri mdogo yuko chini. Mtoto ambaye hajafika miaka 6 asilale juu, hata kama kuna kingo.

Mama Salha: Nilifikiria kushona hema zima, na paa lake na zipu.

Shangazi Rukia: Paa unalo tayari, ni zile mbao za kitanda cha juu. Ukuta wa nyumba nao umekufunikia pande mbili. Zimebaki ubavu wa mbele na miguuni. Zipu achana nayo, mtoto wa miaka 4 itamkwamia ndani aanze kulia.

Mjomba Idi: Kuna yale mapazia ya kung'aa yanauzwa rahisi sokoni, yanapendeza.

Shangazi Rukia: Kaka, kwa joto hili la Tanga? Nailoni haipitishi hewa vizuri, atatoka humo kalowa jasho. Chukua doti ya khanga, pamba tupu. Mama Salha nisikilize vizuri. Kitanda ni futi 6, yaani sentimita 183. Khanga moja ina urefu wa kama 150. Zile mbili zinajaza ubavu wote na zinapishana katikati, hapo ndipo mlango. Ukishaitenganisha doti na kupinda kingo, usiikate tena. Kunja pindo la juu kwa ndani, shona njia ya upana wa vidole viwili, upitishe waya wa pazia. Jina la khanga, yale maneno yake, liko karibu na pindo la chini, kwa hiyo litasomeka lote.

Mama Salha: Haitaburuza chini akaikanyaga?

Shangazi Rukia: Kimo cha khanga ni kama sentimita 110, na ukikunja juu inapungua. Pima toka ubao wa juu kwenda chini kabla hujashona. Ikifunika godoro na kushuka kidogo inatosha.

Baba mdogo Hamisi: Waya ukate pungufu kidogo ya urefu wa kitanda ili uuvute ukaze, la sivyo utalegea katikati. Ndoano zikae upande wa ndani wa mbao, zisimkwaruze. Na tafadhali, kamba ndefu za kufungia mapazia zisiwepo kabisa. Mtoto anacheza, inamzunguka shingoni. Weka vifungo vya kubana.

Bibi: Hamjambo wanangu. Nimesoma yote. Chandarua je?

Mama Salha: Hatujambo Bibi, shikamoo. Hicho ndicho kinanitatiza. Kimefungwa pembe nne kwenye mbao za juu. Nikiweka khanga kitakaa wapi?

Bibi: Marahaba. Kikae hapohapo. Khanga iwe nje, chandarua ndani. Mchana kikunje kikae juu, acheze. Usiku sogeza khanga pembeni zote, shusha chandarua, chomekea chini ya godoro pande zote. Mbu wa malaria anauma usiku mtoto kalala, na khanga zilizopishana haziwezi kumzuia. Hilo sitaki kusikia limeachwa.

Mama Salha: Nimekuelewa Bibi. Na ndani hatafunikwa na khanga usiku, atapata hewa.

Shangazi Rukia: Bibi umemaliza kazi.

Mama Salha: Salha yuko hapa, anasema nyumba haiwezi kukosa dirisha 😄

Shangazi Rukia: Ana haki! Liwe miguuni. Huko weka kitenge badala ya khanga, kata duara, shonea kitambaa cha neti. Kwanza mkalishe kitandani utie alama ya chaki pale macho yake yanapofika. Ukikadiria ukiwa umesimama litakuwa juu mno, ataona dari tu.

Mjomba Idi: Umeme ukikatika je? Atataka mwanga humo.

Baba mdogo Hamisi: Tochi ndogo ya betri. Mshumaa na kibatari visikaribie kile kitanda hata kwa dakika moja. Kitambaa, godoro, mbao, vyote vinashika moto.

Mama Salha: Yusufu naye anauliza yeye anapata nini.

Shangazi Rukia: Kitenge kitakachobaki tutamshonea mifuko miwili ya kuning'inia kwenye kingo yake, aweke vitabu na gari zake. Asijione kasahauliwa.

Bibi: Khanga usinunue. Nina doti mpya kabatini, nyekundu na nyeupe. Hamisi apitie kesho aichukue.

Mama Salha: Asante sana Bibi. Shangazi, Jumamosi cherehani iko wazi?

Shangazi Rukia: Njoo saa mbili asubuhi, kabla sijaanza sare za watu. Waya na ndoano uje navyo, na vipimo viandike kwenye karatasi.