Mrejesho: babangu mwenye Parkinson na lile jino bovu

Wale niliowauliza kama jino bovu la babangu ndilo lililomzidishia kutetemeka, shukran sana, habari ndo hii. Tulivuka na boti kutoka Lamu hadi Mokowe tukashika basi la Malindi, daktari wa meno akakuta jipu chini ya gego. Akaniambia meno siyo yanayoleta Parkinson, ugonjwa wenyewe ni seli za ubongo zinazotengeneza dopamini, ile kemikali inayosaidia kuongoza mwendo wa mwili, zinakufa, utafiti umeona uhusiano na ugonjwa wa fizi lakini nani kamleta mwenziwe haijathibitishwa, ila maambukizi popote mwilini yanaweza kuzidisha dalili kwa muda, na kumbe mzee hata usingizi alikuwa hapati kwa maumivu. Likang'olewa, akapewa antibiotiki, sasa mtetemo umerudi ule wa zamani, haujaisha jamani msidanganywe. Nilichopenda, miadi tuliwekewa kama saa moja baada ya kumeza levodopa, dawa yake ya Parkinson, ndo akakaa kitini ametulia. Mpini wa mswaki tumeuzungushia mpira uwe mnene aushike mwenyewe, mdomo ukikauka anapiga funda la maji. Halua tu ndo hataki kuacha, watu wa Lamu mnatujua.