Waandaaji wa matamasha ya milimani, mtaua watu kwa matangazo yenu

Wakuu, nimejizuia wiki tatu nisiandike, nikisema hasira zikipoa nitakuja na maneno ya utulivu. Hazijapoa. Naandika hivi hivi.

Tulikwenda tamasha la milimani watu watatu: mimi, mdogo wangu wa kike na mama mdogo, ambaye ana miaka 58. Siku tatu za muziki, baiskeli, kukwea miamba na matembezi. Jina la tamasha sitalitaja, kwa sababu mchezo huu nimeuona kwa zaidi ya waandaaji mmoja na wanaoufanya wanajijua. Tangazo la matembezi ya ufunguzi lilisema ni mepesi, ni kilomita 9, yanafaa familia nzima, na ndani ya saa mbili mtu ameshafika uwanja wa juu ambako muziki wa usiku unapigwa na mahema yamesimamishwa.

Kilomita 9 ni kweli, zilipimwa. Walichokificha ni kwamba zinaanzia mita 2,100 na kuishia mita 3,000. Mlimani ukinipa umbali bila kunipa mwinuko hujaniambia kitu. Kuna kanuni ya Mskoti mmoja, William Naismith, ya tangu mwaka 1892, na wapanda milima wanaitumia hadi leo: saa moja kwa kila kilomita 5, kisha ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Haya, pigeni hesabu wenyewe. Kilomita 9 ni saa moja na dakika 48. Mita 900 za kupanda ni saa moja na nusu. Jumla saa tatu na dakika 18, na hiyo ni ya mtu mwenye mazoezi, asiyesimama kupumzika wala kumsubiri mtoto. Hiyo "saa mbili tu" waliitoa wapi? Uswisi vibao vya njano vya njia za miguu vinaandika muda wa kutembea, si kilomita, maana waliovichora walishajua mgeni anadanganyika wapi.

Tuliambiwa tunaondoka saa 3 asubuhi. Saa 3 tulikuwepo, na mizigo yetu mikubwa ilikuwa imeshapakiwa kwenye magari yanayozungukia upande wa pili kwenda juu. Ikumbukeni hiyo mizigo. Zikaja hotuba. Mgeni wa heshima akachelewa, akasubiriwa, akahutubia, wakapiga picha na wadhamini. Tukaanza kupanda saa 6:30 mchana.

Hapa ndipo damu inaponichemka. Najua kuna mtu atakuja kuniambia hali ya hewa ya mlimani haitabiriki. Ndugu, radi ya alasiri ni katika mambo yanayotabirika kuliko yote mlimani. Jua linapasha miteremko tangu asubuhi, hewa yenye unyevu inapanda, kufikia mchana mawingu yameshajijenga, alasiri yanapasuka. Ndiyo maana waongoza njia popote duniani wanawaamsha wageni gizani. Wale vijana waliotuongoza walilijua hilo. Mmoja nilimsikia kwa masikio yangu akimwambia mratibu kwamba muda umeshapita na safari iahirishwe hadi kesho asubuhi. Akajibiwa kuwa ratiba imeshatangazwa.

Vijana wenyewe walikuwa watatu. Sisi tulikuwa kama 120. Simu ya upepo moja, ya yule wa mbele.

Saa 9 alasiri tulikuwa kwenye mgongo wa mlima, mahali peupe pasipo hata kichaka, ngurumo zikaanza. Nilihesabu kati ya mwako na mlio: sekunde 12. Sauti inakwenda kilomita moja kwa sekunde tatu hivi, kwa hiyo radi ilikuwa kilomita nne kutoka tuliposimama. Kanuni inayofundishwa kila mahali ni kwamba zikiwa chini ya 30 unatafuta hifadhi mara moja, na hutoki mpaka zipite dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho. Hifadhi maana yake ni jengo la kweli au gari lililofungwa. Hema si hifadhi, mti uliosimama peke yake ndio mbaya kabisa. Sisi tulikuwa hatuna hata kimoja. Kijana wa nyuma akatushusha kwenye bonde dogo pembeni ya njia, akatutawanya ili radi ikipiga isitupate wote, akatuambia tuchuchumae, miguu pamoja. Hilo alilifanya kwa akili yake. Kwenye ile karatasi ya maelekezo tuliyopewa kulikuwa na ramani ya jukwaa, namba za vyoo na majina ya wadhamini.

Ikaja mvua ya mawe, kisha mvua ya kawaida na upepo. Joto hushuka kama nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa hiyo hata kwa jua kule juu kungekuwa na baridi kuliko tulikotoka. Na makoti yetu yako wapi? Kwenye mizigo, ndani ya magari. Walitushauri tusibebe vitu vingi ili tutembee kwa raha. Mama mdogo alikuwa na fulana ya pamba. Pamba ikilowa inashika maji na kuivuta joto ya mwili, kila aliyewahi kupanda mlima anajua. Baada ya nusu saa alikuwa anatetemeka meno yanagongana. Kisha akaanza kuongea maneno yanayoburuzika kama mtu mwenye usingizi, nikamwita, "Mama mdogo, mama mdogo," akanijibu kwa jina la marehemu mjomba. Kutetemeka kukakoma. Mdogo wangu akafurahi akidhani amepata nafuu. Mimi niliwahi kusoma kwamba mwili ukishuka chini ya nyuzi 35 ndipo hatari inapoanza, na kwamba mtu aliyelowa akiacha kutetemeka kabla hajapashwa joto, hiyo si nafuu. Nililia pale pale, wakuu, sioni haya kusema.

Aliyemwokoa ni yule kijana wa nyuma. Alimvua fulana iliyolowa, akamvalisha sweta na koti lake mwenyewe, akatuambia tumkumbatie pande zote mbili, naye akabaki na shati. Mungu ambariki popote alipo. Nikisikia mtu analaumu waongoza njia kwenye hili nitamjibu vibaya. Vijana wale hawakuajiriwa kuamua, waliajiriwa kutembea mbele na nyuma ya uamuzi wa watu waliokaa chini.

Tulifika saa 12:40 jioni. Muziki ulikuwa unaendelea.

Mnaona nakuza? Tarehe 22 Mei 2021 huko Gansu, China, kulikuwa na mbio za milimani za kilomita 100, wakimbiaji 172. Mchana hali ya hewa ikageuka, mvua ya baridi, mvua ya mawe na upepo mkali. Walikufa watu 21, kwa baridi. Hawakuwa wageni wa tamasha kama sisi, walikuwa wanariadha, na mmoja wao, Liang Jing, alikuwa katika wakimbiaji bora wa masafa marefu nchini mwao. Wengi walivaa fulana na kaptura, koti la upepo halikuwa kwenye orodha ya vifaa vya lazima. Kati ya walionusurika, sita waliokolewa na mchungaji wa kondoo, si na waandaaji. Kama mwanariadha bingwa anakufa kwa kukosa koti, mama wa miaka 58 mwenye fulana ya pamba ana kinga gani?

Na msiniambie haiwezekani kufanya vizuri. Mbio za kuzunguka Mont Blanc, zinazopita Ufaransa, Italia na Uswisi tangu 2003, hazikupokei bila koti la mvua, blanketi la dharura, filimbi, maji na taa za kichwani, na wanakagua begi lako. Mwaka 2010 zilisimamishwa saa chache tu baada ya kuanza kwa sababu ya hali ya hewa. Watu walikuwa wamejiandaa mwaka mzima, wamesafiri kutoka mabara yote, na zikasimamishwa. Hiyo ndiyo heshima kwa mgeni. Kwetu hotuba ilipewa uzito kuliko wingu.

Sijamaliza. Ule usiku mahema yalikuwa mita 3,000. Sisi tunaishi tambarare, tulifika mlimani jioni ya kuamkia siku ile. Maradhi ya mwinuko huanza kuwapata watu kuanzia kama mita 2,500, na dalili huja saa kadhaa baada ya kufika, kwa hiyo zinakukuta umeshalala hemani: kichwa kinapasuka, kichefuchefu, kutapika, usingizi hauji. Mdogo wangu alitapika hadi alfajiri. Hema la huduma ya kwanza alikuwepo kijana mmoja, akampa dawa ya maumivu, akamwambia ni uchovu na kwamba akicheza muziki kidogo atachangamka! Dawa ya kwanza ya hali ile ni kuacha kupanda, na ikizidi ni kushuka, na magari ya kushusha watu hayakuwepo mpaka asubuhi. Kuna aliyeniambia mbona watu wanapanda Kilimanjaro hadi mita 5,895. Ndiyo, na wanaopita njia ya Marangu usiku wa kwanza wanalala Mandara, kama mita 2,700, wa pili Horombo, kama mita 3,720, na wengi wanaongeza usiku hapo hapo ili mwili uzoee. Wanapanda kwa mpango, "pole pole" si salamu tu kule. Sisi siku ya kwanza kabisa tulilazwa juu kuliko wanavyolazwa wao.

Takataka na vyoo sitavisema sana. Asubuhi kile kijito kinachoshuka kwa wenyeji wa bondeni kilikuwa na chupa na mengine nisiyotaka kuyaandika, na wenyeji ndio watakaobaki nayo.

Tulipoomba kurudishiwa kiingilio tulioneshwa fomu tuliyotia saini, kwamba tumekubali hatari zote za mlimani. Nimeisoma tena mara nyingi. Nilikubali hatari gani? Mwinuko sikuambiwa. Muda niliambiwa wa uongo. Kwamba tutaondoka saa tatu na nusu nyuma ya ratiba sikuambiwa. Koti langu walilichukua wao. Mtu hakubali hatari aliyofichwa, na kama kuna mwanasheria humu naomba aniambie kama fomu ya namna hiyo inasimama, maana fedha si hoja tena, nataka waulizwe mbele ya mtu anayeweza kuwafungia.

Na waliokuwepo siku ile naomba mjitokeze. Hasa yule baba aliyebeba mtoto mgongoni mwenye kofia nyekundu, tulipotezana kwenye mvua na hadi leo sijui walifika saa ngapi. Andikeni mlichokiona, hata mistari miwili.

Mama mdogo yuko nyumbani, anaendelea vizuri, ila vidole viwili vya mkono wa kushoto bado anasema vina ganzi. Waandaaji nimewaandikia mara tatu, hawajajibu. Juzi tangazo la mwakani limetoka. Matembezi mepesi, kilomita 9, familia nzima. Picha waliyoiweka ni yetu, ile ya asubuhi kabla ya hotuba, jua linawaka, na mama mdogo yupo mstari wa mbele amevaa ile fulana.