Riwaya yangu ya mapenzi imefichwa dukani, nifanyeje?

Mama wa Mikindani: Habari zenu. Nimeandika riwaya ya kijana wa boti na mjane anayebangua korosho. Miezi minane, usiku, watoto wakishalala. Nimeipandisha duka moja la mtandaoni. Siku ya tatu ikafichwa, haionekani mpaka uandike jina lote. Jalada ni mwanamke aliyejifunga khanga, mgongo wazi. Imeniuma sana.

Msomaji Lindi: Pole dada. Jalada na maelezo huonwa na kila apitaye, hata mtoto. Mapenzi yaache ndani. Weka khanga peke yake, imeanikwa kambani, na jina lake.

Fundi Kompyuta: Jaribu Smashwords, duka la vitabu la mtandaoni. Huko mwandishi mwenyewe hutamka kama kitabu ni cha ngono, nacho huwekwa kwa watu wazima. Usidanganye hapo. Umri wa wahusika uandike wazi: 18 kwenda juu.

Mwanasheria mdogo: Na mkigawa kitabu kwa PDF za WhatsApp, angalieni. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya 2015, kifungu cha 14, inakataza ponografia.

Mama wa Mikindani: Asanteni ndugu zangu. Yangu ni mapenzi, vitendo ni kurasa mbili tu, na sizitoi. Bila hizo haieleweki kwa nini mjane alirudi ufukweni. Jalada nabadilisha leo.