Jini na toniki ya nyumbani: kwa nini inapooza mapema?

Mkaazi wa Upanga anauliza:
Ndugu zangu, naomba msaada. Nikiagiza jini na toniki hotelini hapa Dar es Salaam, huletewa kinywaji cha baridi kali, chenye gesi inayochezea ulimi na uchungu unaoburudisha. Nikikitengeneza nyumbani kwa jini ileile, dakika tano hazipiti kabla hakijawa maji matamu yaliyopooza. Naweka vipande vitatu vya barafu, namimina jini kwa kukadiria kwa jicho, najazia toniki ya chupa ya lita moja inayokaa kabatini, kisha nakoroga sana. Nimebadilisha jini mara mbili na mfuko umeumia bure. (Nasema jini ya chupa, si jini wa mbuyuni.) Tena shemeji yangu anashikilia kwamba toniki hukinga malaria, je, ni kweli?

Mstaafu wa Kaunta, Mombasa:
Ndugu Mkaazi, iache jini yako, haina kosa. Gesi ya toniki ni hewa ya ukaa iliyosukumwa ndani ya maji kwa nguvu, na maji baridi huishika hewa hiyo vizuri zaidi kuliko maji ya vuguvugu. Toniki yako inatoka kabatini ikiwa na joto lote la Dar, na chupa ya lita moja ikishafunguliwa leo, kesho imebaki na nusu ya uhai wake. Hapo unaidondoshea vipande vitatu vya barafu, ambavyo huyeyuka vyote katika juhudi ya kuipoza, na ndiyo maana unaonja maji. Watu hubania barafu wakidhani wanazuia kinywaji kuwa chepesi, kumbe glasi iliyojaa barafu hadi mdomoni ndiyo inayoyeyusha kidogo, kwa kuwa vipande vingi hugawana kazi na kulindana baridi.

Fanya hivi. Nunua toniki ya chupa ndogo na uilaze kwenye friji tangu jana yake. Jini iweke kwenye friza bila hofu, kwani yenye kileo cha asilimia 40 haigandi katika nyuzi 18 chini ya sifuri. Jaza glasi barafu, pima mililita 50 za jini (kama huna kipimo, vijiko vitatu vya mezani hutoa 45), kisha inamisha glasi na umimine mililita 150 za toniki taratibu ubavuni mwake. Usikoroge. Ingiza kijiko hadi chini, kiinue mara moja, basi. Kila mzunguko unaoongeza unafukuza gesi uliyoilipia.

Binti Ndimu:
Nakubaliana na Mzee wa Kaunta kuhusu baridi, lakini toniki mara tatu ya jini ni nyingi mno kwa ladha yangu. Toniki nyingi za dukani zina sukari ya kutosha kumeza harufu ya mreteni, yaani tunda linaloipa jini utambulisho wake, kutoka mti wa jamii moja na mtarakwa wa milima yetu. Mimi huweka mara mbili tu, nikijua kwamba kwa vipimo hivyo kileo kinapanda kutoka asilimia 10 hadi 13 hivi, kwa hiyo glasi moja inatosha. Kuhusu ndimu, kata kipande, kikamue kidogo juu ya barafu kabla ya toniki, na usugue ganda lake kwenye ukingo wa glasi, kwa sababu manukato yamo gandani kuliko katika maji yake.

Mwana wa Bukavu:
Nijibu la shemeji. Uchungu wa toniki ni kwinini, dawa ya malaria inayotoka katika magome ya mkwinini, mti ambao hapa Kivu tunao mashambani na kiwanda cha kuusindika tunacho mjini. Kwa hiyo asili ya imani yake ni ya kweli: mwaka 1858 Erasmus Bond wa London alipata hataza ya maji ya toniki yenye gesi, na Waingereza waliokuwa India waliyachanganya na jini. Lakini toniki ya leo ni kiburudisho. Nchini Marekani sheria inaweka kikomo cha takriban miligramu 83 za kwinini kwa lita, ilhali mtu mzima anayetibiwa kwa vidonge hupewa miligramu 600 mara tatu kwa siku. Dozi moja tu ingemdai lita saba na zaidi. Mwambie atumie chandarua, na akipata homa akapime.

Mkaazi wa Upanga:
Nashukuru sana. Jana nilifuata maelekezo ya Mzee hatua kwa hatua, na gesi ilidumu hadi tone la mwisho. Kasoro ilikuwa moja: barafu yangu ilikaa jirani na samaki aina ya changu kwenye friza, na glasi ya kwanza ilinukia ufukweni. Ya pili niliitengeneza kwa barafu ya mfuko. Shemeji amekubali kuhusu chandarua, ila katika ule ubishi wa vipimo yuko upande wa Binti Ndimu.