MJADALA: Waliotuuzia bima ya maisha kwa jina la akiba, tuwashtaki au tumeze?

Wakuu, habari za jioni.

Siku ya mshahara ofisa mauzo wa kampuni moja ya bima alifika shuleni, akakaribishwa ofisi ya walimu, akamwaga sera: kuna mpango wa akiba ya elimu ya watoto, unakatwa 50,000 kwa mwezi, ukipata shida unachukua hela yako muda wowote pamoja na faida. Mwalimu mwenzetu akasaini fomu ya makato. Miaka miwili baadaye mtoto kapata chuo, mama kaenda kudai 1,200,000 yake. Dirishani anaambiwa hiyo ni bima ya maisha ya miaka 12, na ukivunja mkataba kabla ya miaka mitatu hurudishiwi hata mia.

Ofisini tumegawanyika. Wapo wanaosema ulisaini mwenyewe, kunywa maji ulale. Mimi nasema twende mahakamani, na mshtakiwa awe kampuni, si yule kijana. Kijana katumwa na anakula kamisheni. Kipeperushi alichokuja nacho hakukichapisha yeye.

Sheria yetu ya Mikataba hapa Tanzania, vifungu vya 17 hadi 19, inasema ridhaa ikipatikana kwa udanganyifu au kwa maelezo yasiyo ya kweli, aliyedanganywa anaweza kuutengua mkataba. Na maelezo yasiyo ya kweli ni pamoja na yale ambayo msemaji mwenyewe aliyaamini. Kwa hiyo ile ya "wakala wetu alikuwa mgeni kazini" haimsaidii mtu.

Wenzetu Marekani walishapita huku. Mwaka 1993 iliibuka Florida kwamba mawakala wa kampuni ya bima ya MetLife, ofisi ya Tampa, walikuwa wakiwauzia manesi bima ya maisha kwa jina la mpango wa akiba ya uzeeni. Manesi kule, walimu huku! Kampuni ikatozwa faini na kurudisha fedha. Ikafuata kesi ya kampuni nyingine ya bima, Prudential: mikataba iliyouzwa kati ya 1982 na 1995, wateja zaidi ya milioni 8, wengi wakiahidiwa kwamba baada ya miaka michache gawio la bima yao lingetosha kulipa ada, wao wasitoe tena kitu. Kesi iliisha kwa suluhu, na mahakama ya rufaa ikaibariki 1998. Wateja waliruhusiwa kuungana katika kesi moja kwa sababu mbinu ilionekana ni ya kampuni nzima. Hapo ndipo penye somo letu. Leteni hoja.

Mzee wa Chaki: Hizo fomu nazijua. Kurasa zote Kiingereza, wakala anajaza mwenyewe haraka haraka, wewe unaonyeshwa alama ya X ya kalamu, weka saini hapa, na hapa. Kwenye ukurasa wa afya kuna swali la presha. Mama wa watu anameza dawa za presha kila asubuhi, hakuulizwa, ikapigwa tiki "hapana". Sasa afariki kesho uone! Watasema alificha ugonjwa. Akiba hana, na bima yenyewe iko mashakani.

Wakala Mstaafu: Mleta uzi, tuwe wakweli. Yule mama angefariki mwezi wa tatu akiwa amekatwa 150,000 tu, watoto wangelipwa kiasi chote cha bima. Hapo hakuna ambaye angefungua uzi. Miaka ya mwanzo ile hela inaliwa na kamisheni, gharama za ofisi na kinga ya kifo, ndiyo maana hakuna cha kurudisha. Huo si wizi, ndivyo biashara ilivyo.

Mleta uzi: Basi mngeyasema hayo ofisi ya walimu, mbele ya chai. Nani angesaini?

Wakili wa Mtaani: Kifungu cha 19 kina mlango wa kutokea, na kampuni itaupitia huo huo. Kama ungeweza kuujua ukweli kwa uangalifu wa kawaida, huwezi kuutengua mkataba kwa kisingizio cha maelezo potofu. Watauliza: hati ya bima ulikabidhiwa, uliisoma? Uongo wa makusudi ni habari nyingine, wengi wetu tunasoma kwamba mlango ule hauuhusu. Lakini makusudi utayathibitishaje kwa maneno ya mdomo? Ushauri wangu: andika malalamiko kwa kampuni, ubaki na nakala yenye mhuri wao. Wakikaa kimya nenda TIRA, mamlaka inayosimamia kampuni za bima, au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ofisi iliyoundwa na Sheria ya Bima ya 2009. Mahakama iwe ya mwisho. Mkienda, ombeni kibali cha kushtaki kwa uwakilishi, yaani wachache wafungue kesi kwa niaba ya wote, na msilale, madai ya mkataba yana ukomo wa miaka sita.

Mleta uzi: Wakili, nimekuelewa, ila kwa Msuluhishi atarudishiwa mmoja aliyelalamika, na kesho yake kijana yuko shule ya jirani na kipeperushi kile kile. Ushahidi tunao. Nimekusanya vipeperushi kutoka shule tatu: "akiba" imeandikwa kwa herufi kubwa nyekundu, na neno "bima" halipo ila kwenye jina la kampuni chini kabisa. Kuna na meseji za WhatsApp, "mwalimu hela yako unatoa muda wowote". Hayo si maneno ya mdomo.

Wakala Mstaafu: Kwenye meseji hizo sina la kutetea. Hilo hata sisi zamani lilikuwa linamfukuzisha mtu kazi.

Bi Mkubwa wa Kigoma: Nipo upande wa kushtaki, ila nauliza kitu kimoja. Walimu wengi humu wana mikopo, mshahara umebaki theluthi. Ada ya wakili inatoka wapi? Chama cha walimu, ambacho nacho kinatukata kila mwezi, kimeulizwa?