Naomba ushauri: namtafuta kaka yake babu, aliyezama na meli ya Khedive Ismail 1944

Habari zenu wakuu. Nyumbani tulikuwa tunaambiwa tu kwamba kaka yake babu "alimezwa na bahari akienda kwa Wajapani." Alikuwa askari wa mizinga. Hakuna kaburi, hakuna barua, matanga yalikaliwa bila maiti.

Nimekuja kugundua kuna meli iliitwa Khedive Ismail. Iliondoka Kilindini Februari 1944 kuelekea Colombo, ikiwa na karibu askari 1,000 wa kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki, pamoja na wauguzi na watu wengine. Tarehe 12, karibu na Maldives, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga, ikazama kwa dakika chache tu. Kinachoniumiza zaidi: manowari za Uingereza zilipoisaka nyambizi hiyo, zilitupa mabomu ya majini palepale manusura walipokuwa wanaelea. Walikufa karibu watu 1,300, na mashuleni hatukusikia hata sentensi moja.

Najua majina ya askari wa kikosi hicho yamo kwenye mnara ulio katika makaburi ya vita Nairobi. Shida yangu, sina namba yake ya jeshi, na jina la ukoo huenda liliandikwa kwa kubahatisha na karani wa kizungu.

Aliyewahi kumtafuta ndugu wa KAR (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki) au wa mizinga, ulianzia wapi? Nianze na jina la kijiji, au la baba yake? Baba yangu ana miaka 81, natamani alione jina hilo akiwa hai.