Gari inalia tik tik tik asubuhi, ikipata moto inaacha. Fundi anataka kufungua injini

Mwendo wa Kati
Wakuu habari zenu, naombeni msaada wa haraka. Gari yangu ya petroli, silinda 4, imetembea kilomita 180,000. Wiki mbili hizi nikiwasha asubuhi inalia tik tik tik kama cherehani, nikikanyaga mafuta mlio unaenda mbio nao, halafu baada ya dakika kama 10 unapotea kabisa. Fundi kasikiliza kidogo tu kasema tapeti (vile vyuma vinavyosukuma valvu za injini zifunguke) zimekufa, tufungue injini. Sina amani kabisa maana gari haijapungua nguvu wala taa haijawaka.

Spana 14
Mkuu asifungue mtu kitu hapo. Paki sehemu tambarare, zima, subiri dakika 10, chomoa stiki ya oili, futa, rudisha, chomoa tena. Oili ikishuka chini ya alama ya mwisho tapeti zinazotumia presha ya oili zinaweza kulia. Angalia pia uliwekewa oili gani, wapo wanaoweka nzito kuliko kitabu cha gari kinavyosema ili wafiche mlio, sasa asubuhi ikiwa baridi inachelewa kufika juu na mambo yanakuwa mabaya zaidi. Na taa nyekundu ya oili ikiwaka njiani zima papo hapo, hiyo haisubiri kufika nyumbani.

Mama Gia
Oili aangalie ndiyo, ila mimi hapo nasikia egzosi inavuja kwenye manifoldi, yaani lile bomba linalokusanya moshi kutoka kwenye silinda. Chuma kikiwa baridi kuna upenyo mdogo, moshi unatoka kwa kupiga tik tik, kikipata moto kinatanuka upenyo unaziba mlio unaisha, ndo kama unavyoeleza wewe. Injini ikiwa imepoa mulika tochi pale manifoldi inapokutana na injini utafute masizi meusi, na uhesabu bolti zote maana huwa zinakatika vichwa. Usiichukulie poa, moshi huo una kaboni monoksaidi, haina harufu na ikiingia ndani ya gari inaua.

Spana 14
Mama Gia umenikumbusha kitu. Chukua bisibisi ndefu, ncha gusisha kava ya valvu (ule mfuniko wa juu ya injini), mpini weka sikioni, injini ikiwa inaunguruma. Tapeti utaisikia hapo juu kali kabisa. Nozo (zinazopulizia petroli kwenye injini) nazo zina katiktik kao ka kawaida usije ukazisingizia. Ila chunga sana mikono na nguo kwenye feni na mikanda.

Tairi Nne
Na ungesema mlio unafuata mwendo wa tairi siyo injini ningekwambia tafuta jiwe au msumari kwenye tairi, ukilia kwenye kona tu basi shuku sivi joint, kile kiungo cha shafti inayozungusha tairi. Ila wako unalia gari imesimama, kwa hiyo siyo tairi, anza na hiyo ya Mama Gia.

Mwendo wa Kati
Nimerudi wakuu. Oili iko katikati ya alama. Manifoldi upande wa silinda ya 4 bolti moja haina kichwa na pembeni masizi tupu!! Mama Gia Mungu akubariki. Sasa kile kipande kilichobaki ndani kinatokaje?

Mama Gia
Kipulizie dawa ya kutu kilale nayo usiku mzima. Kikiwa kimechomoza kinashikwa na koleo, kikikatikia ndani mpe mwenye mashine ya kuchomelea akipachike nati kwa juu akifungue nayo. Usikubali kukigonga nyundo, unaweza kupasua kichwa cha injini. Na gasketi (ile ya kuziba kati ya manifoldi na injini) weka mpya, ile ya zamani hairudi.